Wapangaji wa Mzee Lutaaya

Cleopas Khisa na mkewe Bibiane walijuana kwa sababu ya neno moja. Khisa, kijana wa Bungoma upande wa Kenya, alikuwa muuzaji katika duka la viatu la Mhindi mmoja katikati ya Kampala. Bibiane alikuwa Mkongo wa Butembo, mshonaji, mwenye sauti ya pole na shingo ndefu. Aliingia dukani siku moja akasema anataka kuuza viatu vyeusi vya kanisani. Khisa akamjibu kwa adabu kwamba duka halinunui viatu vya watu. Bibiane akarudia polepole, kama anayesema na mtoto, kwamba amekuja kuuza. Khisa akamtazama mikononi, hakuona kiatu. Mwenye duka, ambaye aliwahi kufanya biashara Bukavu, ndiye aliyewaamua. Akaeleza kwamba kwa Wakongo kuuza ni kununua, na kuuza kwenyewe wao huita kuuzisha. Bibiane akapata viatu vyake, na Jumapili iliyofuata Khisa akajikuta anasali katika kanisa lile lile vilikokwenda viatu.

Wakaoana, wakakaa katika chumba cha nyuma ya duka. Lugha yao ya nyumbani ikawa Kiswahili, kila mmoja na chake, na ugomvi wao mwingi ulikuwa wa maneno tu.

Kisha ukaja mwaka ambao Wahindi walifukuzwa nchini. Mwenye duka alimpa Khisa mkono, akampa Bibiane cherehani ya mkewe, akaenda zake uwanja wa ndege. Duka likagawiwa sajini mmoja aitwaye Santo, mtu mchangamfu asiye na ubaya na yeyote wala ujuzi wa biashara yoyote. Wateja walimiminika. Sajini aliuza kwa bei anayoiota asubuhi hiyo, akagawia shemeji zake, akawavisha marafiki zake. Rafu zilipobaki tupu alimwita Khisa akamuuliza, kwa masikitiko ya kweli, viatu vingine huwa vinakuja siku gani. Khisa akamweleza kwamba viatu haviji vyenyewe, huagizwa na kulipiwa. Sajini akauliza kwa nini jambo kubwa kama hilo hakuambiwa mapema. Wiki hiyo hiyo akafunga duka, na chumba cha nyuma akampa mpwa wake.

Bibiane alikuwa na mjomba huko Kasubi, Emile, kapera aliyefanya biashara ya samaki wakavu. Aliwapokea kwa moyo mweupe. Chumba chake kilikuwa kimoja, akakigawa kwa pazia: upande mmoja yeye, upande wa pili wao, na magunia ya samaki pande zote mbili. Bibiane alikuwa amepata mimba, na tumbo lake lilikuwa limekataa harufu zote isipokuwa ya ndimu. Alishinda siku nzima katika soko la Owino na cherehani yake ili apate kupumua, na jioni alirudi amejifunga kitambaa puani kama anayekwenda kurina asali. Mjomba hakuona tatizo. Alisema samaki ni chakula kizuri kwa mjamzito.

"Tafuta nyumba, bwana yangu," Bibiane alimwambia mumewe. "Mtoto akizaliwa hapa atatoka na magamba."

Khisa alianza kutafuta nyumba Jumapili baada ya kanisa. Aligundua upesi kwamba Kampala nzima haikuwa na chumba hata kimoja kwa mtu anayebisha hodi kwa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na kituo cha polisi. Mganda aliyesikia hodi ile mlangoni hakumfikiria mpangaji. Alifikiria kijana wake wa kiume yuko wapi saa hiyo. Basi vyumba vyote vilikuwa vimechukuliwa. Vilikuwa vimechukuliwa hata vile ambavyo milango yake ilikuwa wazi na ndani mna kuku tu. Mjomba Emile akamfundisha Khisa sentensi moja ya Kiganda ya kuulizia chumba. Khisa akaikariri njia nzima mpaka Rubaga, akaitamka vizuri, na mwenye nyumba akafurahi, akamjibu kwa maelezo marefu yenye maswali ndani yake. Khisa akairudia ile sentensi. Mwenye nyumba akamtazama sana, akafunga mlango.

Katikati ya mahangaiko hayo akapata kazi. Abdu, tajiri mmoja mwenye tanuri la mikate, alitaka dereva wa kusambaza mikate madukani. Gari la mikate lilikuwa limevunjika gia na vipuri havikupatikana mjini, kwa hiyo Abdu akatoa gari lake mwenyewe, Pijo jeusi, mikate ikapakiwa kwenye buti na kwenye kiti cha nyuma. Wiki ya kwanza Khisa alilalamikiwa kila duka. Mikate midogo, mikate ya jana, mikate imebonyea. Alirudi kila jioni na nusu ya mzigo.

Wiki ya pili akashikwa na ugonjwa wa macho mekundu uliokuwa ukizunguka mjini. Mganga wa zahanati akamwambia ayakinge na jua. Khisa akaenda Owino, na miwani iliyokuwepo ilikuwa ya aina moja tu, mikubwa, myeusi kama chungu. Wakati huo huo mashati yake yalikuwa yameisha kola, na Bibiane akamshonea moja kwa kitambaa cha pazia kilichobaki kwa mteja, chenye maua mekundu na ya manjano, makubwa kama sahani. Akalikaza vizuri kiunoni, maana mumewe alikuwa na umbo.

Katika mji ule, mtu wa shati la maua na miwani myeusi, anayeendesha Pijo na kusema Kiswahili, alijulikana ni nani na ametumwa na nani. Watu hawakumtaja kwa jina hata chumbani mwao. Walijua tu kwamba anayewekwa katika buti la gari lake harudi. Khisa peke yake hakujijua. Alisimamisha gari mbele ya duka, akashuka, akafungua buti, na kushangaa jinsi barabara ilivyokuwa tupu ghafla. Wenye maduka waliobaki walichukua mikate yote bila kuihesabu, wakamshukuru, wakamuulizia afya ya wakubwa. Khisa akajibu kwamba mkubwa hajambo, yuko kwenye moto tangu alfajiri, akimaanisha Abdu na tanuri lake. Mikate ikawa inaisha kabla ya saa sita. Abdu alimsifu mbele ya wapishi kwamba huyu ndiye anayejua kuongea na wateja.

Jumamosi moja Abdu akamruhusu kulitumia gari akatafute nyumba. Akampakia Bibiane na tumbo lake, wakaenda Makindye. Juu ya kilima, si mbali na kambi ya jeshi, wakaona nyumba ya matofali yenye paa jekundu na kibao kinachosema vyumba viwili vya nyuma vinapangishwa. Mwenyewe alikuwa uani akipogoa migomba, mzee mfupi nadhifu aitwaye Lutaaya, mwalimu mkuu mstaafu. Aliona gari likisimama, mlango ukifunguka, shati likitoka kwanza. Panga likamponyoka.

Khisa alimsalimu kwa uchangamfu, akasema wamekuja kuona nyumba. Lutaaya akawaonyesha yote, vyumba vya mbele na vya nyuma, kabati, hata chini ya vitanda, bila kuambiwa. Alisema Kiswahili cha kubahatisha kilichochanganya r na l kila alipoogopa, na wakati huo alikuwa anaogopa mfululizo. Khisa, kwa kuwa alikuwa anatarajia kuwa baba, alitaka kujua majirani watarajiwa wa mwanawe.

"Una watoto wangapi, mzee?"

"Watatu, ssebo," Lutaaya akasema, akimwita bwana kwa Kiganda.

"Wanasoma shule gani? Hurudi saa ngapi?"

Mzee alishika ukingo wa mlango. Bibiane naye, ambaye hakupenda kelele, akauliza kama usiku husikika chochote kutoka upande wa kambi.

"Hapana, mama," Lutaaya akasema upesi. "Sisi hapana sikia kitu. Tangu tuzaliwe hatusikii."

Khisa aliridhika. Akatazama mandhari, ziwa likionekana kwa mbali, akavuta pumzi isiyo na samaki. Akamwekea mzee mkono begani.

"Tumeipenda. Tunaichukua. Kesho nakuja na gari, wewe usihangaike na kitu."

"Chukua, ssebo," Lutaaya akasema. "Chukua yote, ilimradi."

Khisa hakuuliza ilimradi nini. Njiani alimwambia mkewe kwamba hajapata kuona mwenye nyumba mkarimu namna ile, hata kodi hakutaja.

Kesho yake walifika na godoro juu ya gari na cherehani kwenye buti. Mlango ulikuwa wazi. Mezani palikuwa na sahani za matoke bado yanatoa mvuke, na kijiko kimesimama ndani ya bakuli. Sandali moja ya mtoto ilikuwa imelala kizingitini, nyingine imelala njiani kuelekea migombani. Khisa alipiga hodi vyumba vyote. Aliporudi alimkuta Bibiane ameketi kizingitini, ameishika ile sandali.

"Wamekimbia," Bibiane akasema. "Ni sisi ndio wametukimbia, Cleopas. Vua hiyo kitu nikuone."

Khisa akavua miwani. Macho yake yalikuwa bado mekundu, yanachuruzika machozi, na kwa muda mkewe hakujua kama ni ugonjwa au ni kingine. Alijitazama shati. Akalitazama gari. Mambo mengi ya wiki zile mbili yakajipanga kichwani mwake, kuanzia zile barabara tupu mpaka ile afya ya wakubwa, akaketi kando ya mkewe.

Hapo ndipo waliposikia harufu ya karanga zinazokaangwa. Jikoni, jengo dogo nyuma ya nyumba, walimkuta bibi kizee ameketi kwenye mkeka mbele ya kikaango. Alikuwa mama yake Lutaaya, na wote walimwita Jajja, yaani bibi. Alikuwa amekataa kukimbia. Alisema baadaye kwamba miguu yake ilishachoka na pia alitaka kuona mkewe Lutaaya akiondoka katika nyumba ile walau mara moja.

Marehemu mumewe alikuwa askari katika jeshi la Kiingereza aliyefika mpaka Burma, na Kiswahili chote alichokijua Jajja alikuwa amekiokota gwarideni. Alimpima Khisa kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kama mumekuja kuniua, simameni hapo kwanza," akasema. "Karanga bado."

Bibiane alishuka chini kwa shida, akachukua mwiko, akaanza kugeuza zile karanga kabla hazijaungua. Akaeleza kila kitu huku anageuza: duka la viatu, samaki wa mjomba, mikate, macho, pazia. Jajja alisikiliza, akageuka kumtazama tena Khisa, safari hii akaanza na maua ya shati. Mabega yake yakatikisika. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia Khisa mguu pande, akampa karanga.

Kwa maoni ya Khisa, lililobaki lilikuwa dogo: kumpata Lutaaya na kumweleza. Jajja alijua mwanawe yuko kwa dada yake huko Kibuye. Akoth, mama mmoja wa Kijaluo aliyeuza samaki wabichi nyumba kwa nyumba, alikuwa akipita huko, kwa hiyo Khisa akampa ujumbe. Amwambie mzee arudi, hakuna neno, wanataka tu kuzungumza naye kidogo. Akoth aliufikisha kama alivyopewa. Hakuna mtu katika Kampala aliyewahi kuitwa kwa mazungumzo kidogo akaonekana tena, na Akoth alipomaliza kusema, Lutaaya alikuwa ameshaanza kufunga mizigo. Akahamia Mpigi kwa binamu.

Khisa akaona labda maneno hayatoshi. Akatuma mkate mkubwa, wa siku hiyo hiyo, kwa kondakta aliyemfahamu binamu. Lutaaya aliuweka mkate mezani na familia nzima ikauzunguka. Mwisho akawapa kuku kidogo, akakaa kwenye kigoda kuwaangalia. Kuku walikula, wakastawi, wakadai zaidi. Hilo lilimtisha kuliko sumu, kwa kuwa alishindwa kujua mpango wenyewe ni upi. Akahamia Masaka.

Jajja naye akatuma ujumbe wake: yuko salama, wageni wanamtunza vizuri, anakula vizuri, arudi. Lutaaya alilia aliposikia. Alimwambia mkewe kwamba hayo ndiyo maneno wanayolazimishwa kusema.

Huku nyumba ikiwa hivyo, Khisa alizidi kwenda kazini na miwani yake. Sababu ilikuwa macho. Lakini siku moja alirudi na kilo ya sukari, bidhaa ambayo watu waliipangia foleni tangu alfajiri na kurudi mikono mitupu. Akaiweka mezani kwa majivuno. Bibiane akamuuliza ameipataje. Khisa akasema alisimama mwisho wa foleni kama watu wengine, na watu wenyewe wakampisha, mmoja baada ya mwingine, mpaka akajikuta mbele.

Bibiane alimsogelea, akamvua miwani, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. Macho yalikuwa meupe kama ya mtoto.

"Yamepona lini?"

Khisa alisema juzi. Kisha akasema labda wiki iliyopita. Bibiane hakupandisha sauti. Alisema kuna mama katika foleni ile ambaye leo mtoto wake anakunywa uji mchungu, na alimpisha kwa kuwa alidhani atauawa.

"Mimi sikuolewa na huyo mtu," akasema. "Niliolewa na yule wa viatu."

Khisa hakulala vizuri. Asubuhi alivaa shati lake kuukuu lisilo na kola, akaifunga sukari katika karatasi, akairudisha dukani. Mwenye duka, alipomwona bila miwani, hakumtambua, akamfokea kwa kuleta sukari iliyofunguliwa. Akaichukua hata hivyo. Khisa alitoka mle akiwa amefokewa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na alishangaa kuona kwamba amejisikia nafuu.

Biashara ya mikate ikaporomoka siku hiyo hiyo. Midogo, ya jana, imebonyea. Jioni Abdu akaja kumwomba, kama rafiki, arudishe ile miwani. Khisa akamwambia macho yamepona. Abdu akasema yanaweza kuugua tena. Walizunguka hivyo mpaka Abdu akakosa subira, akampa mtu mwingine ufunguo wa gari, na Khisa akapanda kilima cha Makindye kwa miguu, hana kazi, anaishi katika nyumba ya mtu aliyemkimbia, na mke wa kujifungua wakati wowote.

Wakati wowote ukawa Alhamisi iliyofuata, mchana kweupe. Hakukuwa na gari wala jirani aliye tayari kuwafungulia mlango watu wa nyumba ile. Jajja alifunga kitambaa kichwani, akaagiza maji ya moto, akaingia chumbani. Alikuwa amezalisha nusu ya kilima, lakini wote kwa Kiganda, na sasa ilimbidi atumie Kiswahili alichonacho. Khisa, aliyeachwa koridoni na sufuria, alisikia gwaride zima likipita upande wa pili wa mlango.

"Mguu pande," Jajja aliamrisha. "Pumzika. Bado. Ngoja amri. Sasa, mbele, sukuma."

Bibiane alisema neno kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, ambalo halikuwa la kanisani. Khisa akachungulia.

"Wewe, nyuma geuka," Jajja akasema bila kumtazama, na Khisa akageuka nyuma, visigino pamoja, sufuria mkononi. Alikuwa bado amesimama hivyo aliposikia mtoto analia, na hakujua kama ameruhusiwa kulia naye.

Alikuwa msichana. Bibiane alimwita Masika, kama ilivyo kwao kwa binti wa kwanza. Khisa alitaka Nabwire, jina la mama yake, lakini akakumbushwa kwamba kwao jina hilo ni la aliyezaliwa usiku, na jua lilikuwa linawaka. Jajja hakujali walivyoamua. Yeye alimwita Koplo.

Habari za mtoto zilifika Masaka kwa njia zake. Lutaaya aliambiwa kwamba mama yake amefanywa yaya wa watu wa serikali, usiku na mchana, katika umri wake. Woga wake ukafika mwisho. Alimwambia mkewe kwamba anakwenda kumchukua mama, na wakimkamata, wamkamate. Ila hakuona sababu ya kuwarahisishia kazi, kwa hiyo akavaa gomesi ya mkewe, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, akajifunga mkanda wake mkubwa kiunoni, akajitanda mtandio kichwani hadi puani, akapanda basi la asubuhi.

Aliingia uani kwake kwa hatua fupi fupi. Kitu cha kwanza alichokiona ni kamba yake ya nguo, imejaa nepi kutoka mgomba hadi mgomba. Chini ya nepi, yule mtu wa Pijo alikuwa ameinama juu ya beseni, tumbo wazi, amejifunga leso ya mkewe, mikono imezama katika povu la majivu kwa kukosa sabuni. Aliinua uso uliochoka sana.

"Karibu, mama," Khisa akasema kwa sauti ya chini. "Umekuja kumwona mtoto? Nakuomba usimwamshe. Ndiyo kwanza amelala."

Lutaaya alibaki amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa bastola, kwa matusi, kwa kupiga magoti. Alikuwa hajajiandaa kuombwa asimwamshe mtoto. Aliutazama uso ule usio na miwani, akaitazama nepi iliyokuwa mkononi mwake na jinsi alivyokuwa akiifikicha, kwa ustadi wa mtu aliyefua nyingi.

"Nani anakulazimisha kufua?" akauliza, na sauti ikamtoka nzito kuliko gomesi.

Khisa aliacha beseni. Jajja akatokea jikoni, akamtazama mgeni kwa muda mfupi sana.

"Lutaaya," akasema, "huo mkanda unafungwa mbele."

Kilichofuata kilichukua muda kwa sababu kila mmoja alisema kwa wakati mmoja, na Jajja aliyejua lugha zote mbili hakufaa kutafsiri kwa kucheka. Mwisho Lutaaya akaketi kwenye ukingo wa baraza, mtandio mabegani, akauliza lile alilotaka kuliuliza.

"Kwa hivyo wewe si mtu wa serikali?"

"Mimi ni mtu wa mikate, mzee. Na mikate yenyewe wamenifukuza."

Lutaaya akacheka kidogo. Kisha akaanza kusema polepole, akizitafuta herufi zake. Alisema mwaka uliopita mdogo wake aliitwa nje na mtu aliyevaa kama vile, kwa heshima tu, kwa mazungumzo. Mpaka leo mkewe humwekea chakula. Kwa hiyo alipoulizwa watoto wanarudi saa ngapi, hakuweza kungoja kujua anayeuliza ni nani.

Khisa alijifuta mikono, akapiga magoti mbele ya mzee kama alivyoona Waganda wakifanya, hakujua kwamba wanaopiga magoti ni wanawake na watoto tu, na Lutaaya, akiwa amevaa gomesi, akamwinua na kumwambia kwamba leo labda wangebadilishana. Bibiane alitoka na mtoto, akamweka mapajani mwa mzee bila kuuliza. Mtoto akakojoa kwenye gomesi.

Familia ilirudi kutoka Masaka mwisho wa wiki. Khisa na Bibiane wakahamia vyumba viwili vya nyuma, vile vile vilivyokuwa kwenye kibao tangu mwanzo, na safari hii Lutaaya akataja kodi, tena akaitaja juu, na Bibiane akabishana naye mpaka ikashuka, wote wawili wakiwa na furaha kubwa. Mkewe Lutaaya na Jajja waliendelea na vita vyao vya jikoni, kila upande ukimwita Bibiane shahidi, naye akajifunza Kiganda upesi kuliko mumewe kwa kusikiliza matusi.

Ajira ya Khisa ilipatikana Owino, hatua chache kutoka cherehani ya mkewe. Viatu vipya vilikuwa vimetoweka mjini, na watu walivaa vile vile mpaka vidole vikachungulia. Khisa, aliyewahi kuvijua viatu vikiwa ndani ya maboksi, sasa alivijua upande wa soli. Alikaa chini na nyundo na misumari, misumari mdomoni, na watu wakamfuata, wakamnung'unikia bei, wakamwambia ameshona vibaya arudie. Alirudia.

Jioni walipanda kilima pamoja. Mara nyingi walikuta Masika yuko kwa Jajja, au amebebwa na mmoja wa watoto watatu, au Lutaaya anamsomea gazeti la Kiganda kwa sauti ya darasani. Mtoto alipitishwa kutoka mkono hadi mkono na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutomwachia. Khisa aliketi barazani na sahani yake ya matoke mapajani, akangoja zamu yake.